Jinamizi linanikaba na nina selimundu: naomba tuzungumzie usiku wetu

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Habari zenu wapendwa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauandika kwa ajili ya mtu mwenye ugonjwa wa kudumu anayekiogopa kitanda chake, na kwa ajili ya yule anayelala naye chumba kimoja.

Nina miaka 34, naishi Mwanza, kazi yangu ushonaji. Selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu za damu zipinde kama mundu, ninayo tangu kuzaliwa, na huku Kanda ya Ziwa tuko wengi. Maumivu ya mifupa, macho kuwa ya njano, kulazwa, kuongezewa damu, hayo nimezoea kuyaeleza hadi kwa mtu nisiyemjua. Lililonishinda miaka mingi ni la usiku.

Kulikuwa masika, karibu saa kumi alfajiri. Nilikuwa nimetoka kukojoa mara ya nne, nikarudi nikalala chali kwa sababu nyonga ya kushoto ilikuwa inauma. Mlangoni nilikuwa nimetundika gauni la kitenge la mteja, limebaki kupigwa pasi tu. Mara nikawa macho. Chandarua nakiona, mwanga wa taa ya jirani unaopenya juu ya dirisha nauona, lakini mwili hauna habari na mimi. Kidole hakiendi, ulimi umelala. Halafu lile gauni likashuka kwenye msumari, taratibu, likaja mpaka kitandani, likanikalia kifuani. Nilisikia uzito wake. Nilisikia pumzi isiyo yangu karibu na sikio. Nikamwita mdogo wangu aliyelala upande wa pili wa pazia, nikamwita na kumwita. Yeye anasema alisikia nakoroma tu.

Kwangu ilikuwa kama nusu saa. Kwa kawaida hali hii huwa ya sekunde kadhaa au dakika chache, lakini aliyemo ndani hana saa. Ikaniachia ghafla, nikakaa kitako natetemeka, gauni liko palepale mlangoni.

Wengi mnajua jina lake: jinamizi, au kukabwa. Mama mwenye nyumba aliniambia kwa huruma kabisa kwamba nimechezewa. Nikaombewa, na siwadharau walioniombea, walikesha na mimi. Nikaja kumgusia daktari mmoja, akasema ni mawazo tu, akaendelea kuandika. Basi nikanyamaza. Nikaanza kuchelewa kulala ili nichelewe kukabwa, nashona mpaka saa saba usiku, asubuhi mwili umechoka, jioni maumivu yanaanza. Yaani nikawa najichimbia shimo mwenyewe.

Nielezee kwanza kinachotokea, kwa lugha ya kawaida. Usingizi huja kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90 hivi. Ndani yake kuna kipindi cha usingizi wa ndoto, na kadiri asubuhi inavyokaribia kipindi hicho hurefuka. Ukiwa ndotoni ubongo hulegeza misuli ya mwili mzima usije ukarusha ngumi au ukakimbia kweli. Vinavyobaki vikifanya kazi ni macho, na ule msuli mkuu wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Sasa akili ikizinduka kabla mwili haujafunguliwa, unakiona chumba chako na ndoto yako kwa pamoja. Misuli ya mbavu bado imelegea, kwa hiyo ukitaka kuvuta pumzi kubwa kwa makusudi haiji, unaona umekaliwa kifua. Pumzi yenyewe inaendelea. Hilo ndilo nililotamani mtu aniambie miaka kumi iliyopita: pumzi inaendelea.

Na siyo jambo la watu wachache. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi mwaka 2011 walikuta karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi ilikuwa 28 katika 100.

Lakini kwa nini mimi nipatwe mara kwa mara? Jibu nililipata nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja. Mbele kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nyuma nikaanza kuandika kila nilipoamka: saa, sababu, nilirudi kulala vipi. Wiki sita. Nilikabwa mara 11. Katika hizo 11, mara 9 zilikuwa baada ya kutoka kukojoa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, na zote 9 nilikuwa nimelala chali.

Nilikaa na lile daftari kwenye cherehani siku nzima bila kukanyaga pedeli.

Mwenye selimundu anakojoa sana usiku, na siyo uzembe wala kibofu kidogo. Zile chembe zinazopinda huziba mishipa midogo ndani kabisa ya figo, sehemu inayorudisha maji mwilini ili mkojo uwe mzito. Sehemu hiyo ikiharibika, mkojo unatoka mwepesi na mwingi, mchana na usiku. Juu yake tunaambiwa tunywe maji mengi ili damu isizibe, mimi niliambiwa lita 3 kwa siku. Kwa hiyo naamka mara nne, mara tano. Choo kiko nje, nawasha taa, navaa kandambili, natembea, baridi inanipiga, narudi nimechangamka, halafu nalala tena katika zile saa ambazo ndoto ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 1992 watafiti wa Japani waliwaamsha watu wazima wenye afya usiku kwa makusudi, wakawaacha walale tena, na baadhi yao wakapatwa na jinamizi palepale maabara. Mimi mwili wangu ulikuwa unanifanyia jaribio hilo kila usiku.

Nilichobadilisha ni hiki. Maji sikupunguza hata kikombe, na mwenye selimundu asije akapunguza. Niliyahamishia mchana: nusu ya kwanza iwe imeisha kabla ya saa saba, na kufikia saa kumi na mbili jioni nimebakiza kidogo tu, na kikombe kipo kitandani kwa kiu. Nikanunua ndoo yenye mfuniko nikaiweka chumbani, siwashi taa. Kulala nalala saa nne, na kazi ya usiku nimeikataa hata msimu wa sare za shule. La mwisho ni la ufundi wangu: nimeshona mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia, katikati ya mabega, nikatia ndani bonge la vipande vya vitambaa lililobanwa vizuri. Nikigeuka chali linanisukuma, narudi ubavuni mwenyewe bila kuamka.

Miezi minne sasa nimekabwa mara mbili. Na ikija, sipambani kunyanyuka. Natafuta kidole gumba cha mguu, nakichezesha hicho kimoja tu kwa akili yangu yote, nahesabu pumzi. Kidole kikitii, mwili mzima unafuata.

Miaka yote kliniki naulizwa maumivu, homa, kiwango cha damu. Usiku wangu hakuna aliyeuuliza, na mimi sikuusema kwa sababu nilidhani ni wa kupeleka kanisani. Naomba wenye magonjwa mengine nanyi mseme. Usiku wenu ukoje?

Mpemba wa Ng'ambo

Pole sana dada yangu. Nimeusoma uzi neno kwa neno.

Mie ni mtoto wa Pemba, na mwaka 1995 nilikuwa na miaka kumi na mbili. Wakubwa humu wanakumbuka habari ya popobawa, lile zimwi lililosemekana linawavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilianza kwetu ikavuka Unguja. Sisi watoto tulilazwa nje, familia tatu nne pamoja, moto umekokwa, wazee wanasoma Qurani mpaka alfajiri. Babu yangu alikuwa na pumu. Moshi wa kuni ulimwandama, akawa hapati hata saa mbili za usingizi. Usiku wa tatu au wa nne akainuka analia, mtu mzima yule, anasema limemkalia kifuani na harufu yake ameisikia.

Sisemi kwamba watu walidanganya. Babu hakudanganya, uso wake naukumbuka mpaka leo. Ila nilivyosoma habari ya wale wa Japani nimekaa kimya. Kijiji kizima hakilali kwa hofu, kila mtu anashtushwa kila saa, na asiyelala ndiye anayekabwa. Kila aliyekabwa akazidi kuwatisha wengine.

Kijana wa Buza

Mleta uzi heshima kwako, lakini mimi bado naamini kuna majini. Bibi yangu alikabwa miaka yote na alipofanyiwa dua akapona. Hayo ya figo sawa, lakini wewe umejuaje siyo vyote viwili?

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Ndugu yangu, sijaja kumnyang'anya mtu imani yake, na dua za bibi usiache. Mtu akifanyiwa dua analala bila hofu, na kulala bila hofu kwenyewe ni tiba. Ombi langu ni moja: bibi awe anaombewa na huku anaulizwa anaamka mara ngapi, anaumwa wapi, anakoroma au hakoromi. Mimi nikiombewa tu, figo zangu zingeendelea kuniamsha.

Muuguzi wa Zamu

Dada, hongera kwa lile daftari. Naongeza machache, maana nimekaa wodi ya watu wazima miaka mingi na mimi mwenyewe hunikaba nikitoka zamu za usiku tatu mfululizo.

Kwanza, jinamizi lenyewe haliui na halimaanishi umechanganyikiwa. Lakini tusilifanye kapu la kutupia kila kitu cha usiku. Umeandika kwamba mdogo wako alisikia unakoroma. Hapo nilisimama. Wenye selimundu, watoto na watu wazima, wana tatizo la kupumua usingizini zaidi ya watu wengine. Njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, na oksijeni ikishuka ndipo zile chembe zinapopinda. Yaani usingizi mbaya unaweza kuwa ndiyo chanzo cha maumivu ya asubuhi. Dalili ni kukoroma kwa sauti, pumzi kukatika halafu mtu anashtuka kama aliyeibuka kutoka kwenye maji, kuamka na kichwa kinauma, kusinzia mchana. Ukienda kliniki omba wakupime oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni, na uwaambie ya usiku, kwa sababu mchana ukiwa macho namba inaweza kusoma vizuri.

Pili, dawa za maumivu. Tramado na mofini hupunguza usingizi wa ndoto, na mofini ikizidi hupunguza pumzi yenyewe. Ukiwa umezitumia siku nyingi ukaziacha ghafla, ndoto zinarudi kwa wingi, nzito na za kutisha. Wagonjwa wengine hukabwa wiki ya kwanza baada ya kutoka hospitali wakadhani wamefuatwa na kitu cha wodini. Usiziache kwa kukata, mwulize aliyekuandikia akupangie namna ya kushuka. Na usijiongezee ili ulale.

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Asante sana, dada. Hilo la wiki ya kwanza baada ya kutoka hospitali nimelisoma mara tatu. Mwaka juzi nilitoka wodini nikakabwa siku nne mfululizo, tukahama chumba. Tulihama chumba kabisa, tukapoteza kodi ya miezi miwili.

Jina Limehifadhiwa

Mimi ni mwanaume, nina selimundu, nitaandika jambo ambalo wanaume wenzangu hawalisemi. Naomba mlipokee kwa heshima.

Mwanaume akiwa kwenye usingizi wa ndoto uume husimama wenyewe, ni kawaida ya mwili. Kwetu sisi damu inaweza kunasa humo ikakataa kutoka. Naamshwa saa tisa usiku na maumivu ambayo siwezi kuyalinganisha na ya mfupa wowote. Natembea chumbani, nakojoa, naoga maji ya uvuguvugu, inatulia baada ya nusu saa. Nikawa naogopa usingizi wenyewe. Nikawa nakesha na simu, halafu nikipitiwa asubuhi nakabwa. Mke wangu akadhani nina mwanamke ninayechati naye.

Nilipata ujasiri baada ya mara moja kukataa kutulia tangu saa nane usiku mpaka jua limechomoza. Nilipofika hospitali daktari akaniambia ikizidi muda wa saa nne tangu ianze ni dharura, tishu zinakufa, na mtu anaweza kupoteza nguvu zake moja kwa moja. Mimi nilikuwa naona aibu kumwamsha jirani mwenye bodaboda. Wadogo zangu mnaosoma, muda wa saa mbili ukikaribia kutimia tangu ianze na haijatulia, amsheni mtu.

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Kaka, asante. Nimeishi na ugonjwa huu miaka 34 na hili sikulijua. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 16, naye anaumwa. Leo nitamwomba mjomba azungumze naye, na nitampa asome maneno yako.

Mama Sukari

Mimi natumia insulini miaka saba. Nilikuwa naota nazama ziwani, naamka shuka limeloa jasho, moyo unakimbia, mikono inatetemeka. Nikasema jinamizi. Mume wangu siku moja akachukua kipimo akanitoboa kidole saa tisa ileile: 2.8 (kwa kipimo cha mmol/L). Haikuwa jinamizi, sukari ilikuwa imeshuka usingizini, na hiyo inaua. Kwa hiyo wenzangu wa kisukari, tofauti ni jasho na kutetemeka, na kwamba mwili unaweza kuusogeza. Pima kabla ya kuamua. Ikiwa chini ya 4 kunywa kitu cha sukari hapohapo, na asubuhi uende wakapitie dozi yako.

Msafiri 09

Niliwahi kutumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za lile fungu la zamani lenye efavirenzi, ndoto zake zilikuwa kama sinema, hata mchana niliziona. Niliambiwa ni tabia ya dawa yenyewe. Tangu nihamishiwe kwenye dolutegraviri zimeisha, ila usingizi ukawa mwepesi, kliniki wakaniruhusu nimeze asubuhi badala ya usiku. Nasema tu ili mtu asije akaacha dawa kwa sababu ya ndoto. Sema nao, wanabadilisha.

Mama Neema

Dada Fundi, nimelia niliposoma pale kwenye figo.

Mwanangu ana miaka tisa, ana selimundu, anakojoa kitandani mpaka leo. Babake anasema ni mvivu. Amechapwa. Nimemchapa na mimi. Anakoroma kama mtu mzima, na usiku anaweweseka, anafumbua macho anatutazama, hasemi. Asubuhi anasema kuna mtu alimkalia. Tulimwambia aache uongo.

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Mama Neema, mimi nilichapwa mpaka nina miaka 13. Mama yangu alikuwa ananipenda, hakujua tu. Alikuwa ananinyima maji jioni nisikojoe, halafu usiku wa manane ananibeba mgongoni kunipeleka hospitali, mifupa inawaka. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hivyo viwili vina uhusiano.

Naomba tafadhali, maji msimnyime. Mwamsheni akojoe kabla ninyi hamjalala, na mmwambie kwa mdomo wenu, wewe na babake, kwamba ni figo na siyo kosa lake. Huyo anayesema amekaliwa anasema kweli, ndivyo anavyosikia. Na kukoroma huko msikuache. Muuguzi, unasemaje?

Muuguzi wa Zamu

Mtoto mwenye selimundu anayekoroma hivyo na kukojoa kitandani apelekwe aangaliwe mafindofindo na zile nyama za nyuma ya pua. Zikiwa kubwa zinaziba hewa, na hata kule kukojoa kunaweza kupungua hewa ikifunguka. Usisubiri tarehe ya kliniki. Mrekodi kwa simu dakika mbili akiwa usingizini, daktari asikie mwenyewe.

Mama Neema

Nimerudi baada ya wiki mbili. Daktari alisikiliza ile rekodi mara moja tu, hakumaliza, akatuandikia kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tumepangiwa mwezi ujao. Babake naye aliisikiliza, mlemle ndani ya chumba cha daktari. Tulipofika nyumbani alikwenda kununua ndoo yenye mfuniko, akaiweka mwenyewe pembeni ya kitanda cha mtoto.

Usiku anamwamsha yeye saa tano. Jana mtoto alimwuliza, "Baba, leo hujakasirika?"

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Mama Neema, nitumie ujumbe wa faragha: urefu kutoka begani mpaka gotini, na upana wa mgongo. Kitambaa ninacho, cha pamba, laini. Nitamshonea gauni la kulalia lenye mfuko, basi la Jumamosi likiondoka nilipakie.